Hodi Iliyorudi Yenyewe

Simu ya Zuhura, binti wa Bi Somoe aliyekuwa mpishi wetu kazini zamani, ilinikuta kibarazani kwangu nachambua mchele, na kabla hajamaliza salamu nilishajua. "Dada Skola, mama katutoka," alisema. "Tumemzika Alhamisi. Arobaini tutaifanyia huku huku Nandagala, ukijaliwa uje." Nilimwambia nitakuja. Nikamuuliza mama aliumwa nini, akajibu kwamba ni uzee tu, alikula vizuri jioni na asubuhi hakuamka. Nilipokata simu niliendelea kuchambua mchele ule ule niliokwisha kuuchambua. Watu husema mtu akifa kinachokujia kwanza ni sura yake. Mimi kilichonijia ni harufu: risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka, imechanganyika na mbaazi zinazochemka upande wa pili wa ukuta. Harufu hiyo sijaisikia popote tangu nilipoondoka Nachingwea, na nilipoikumbuka pale kibarazani nililia, mimi ambaye wanangu wananiita jiwe.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali ya misheni, pembezoni mwa mji. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti kipya cha umeme na vifaa vyake kutoka Dar es Salaam, na mdomo mrefu kuliko cheti chenyewe. Nilikuwa nimepewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Bosi wangu, Fundi Gervas, alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa mgongoni mwa mama yake, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Alitengeneza kila kitu: mizani ya kupimia watoto, redio ya upepo tuliyoongelea na zahanati za vijijini, pampu ya kisima, hata saa ya padri. Kompyuta peke yake ndiyo aliyoitazama kwa jicho la pembeni. Ilikaa juu ya meza ya ukutani, imefunikwa kanga kuukuu ili vumbi lisiingie, na jenereta liliwashwa saa tatu asubuhi likazimwa saa sita juu ya alama. "Haya, mtaalamu," alikuwa akiniambia kila asubuhi ngurumo ikianza, "saa zako tatu hizo. Lifunue kabati lako."

Upande wa pili wa ukuta lilikuwa jiko la wafanyakazi, na jikoni alikuwa Bi Somoe. Ukuta ule ulikuwa na matofali ya matundu kwa juu, kwa hiyo moshi wao tuliuvuta sisi na kelele zetu walizisikia wao. Bi Somoe alikuwa Mmwera wa upande wa Ruangwa, mfupi, mwenye mikono mikavu na sauti ya chini. Kiswahili alikijua cha sokoni na cha kisomo cha watu wazima, akikitumia kwa uangalifu, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Saa saba alituletea chakula mwenyewe: ugali wa muhogo, mbaazi za nazi au kisamvu cha karanga, na msimu wa korosho ukifika, korosho chache alizozibabua mwenyewe, bado zina majivu. Gervas hakuacha kumtania. "Mama, ugali huu tuliojengea ukuta jana umebaki?" Naye akijibu bila kumtazama, "Kula, mwanangu. Mdomo ukiwa na kazi, watu wanapumzika." Mimi aliniita mwanangu bila utani. Nilikuwa nikila kwa haraka nirudi kwenye nyaya zangu, naye alisimama mlangoni mpaka nimalize, eti anasubiri sahani.

Habari ya mjukuu wake niliisikia kupitia matundu yale. Ilikuwa asubuhi, kabla ya jenereta, na wanawake wawili wa kufua walikuwa wakimsaidia kupepeta. Walizungumza Kimwera, ambacho nilikijua nusu nusu, na yale yaliyonipita yaliniingia kwa sauti yake tu. Mtoto wa Zuhura, yule binti wa Bi Somoe, alichanjwa surua. Bi Somoe ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati ya kijiji chao na kumshika mkono akichomwa. Surua ilipokuja, hawakuwa na wasiwasi. Mtoto alichanjwa, kadi ilikuwapo. Alikufa siku ya tano. Baadaye ndipo iligundulika kwamba friji ya zahanati ile, ya mafuta ya taa, ilikuwa imepata joto wiki nzima pasipo mtu kujua, na dawa iliyoingia kwenye mkono wa yule mtoto ilikuwa sawa na maji. Kijiji sikitaji. Wahusika walishalia vya kutosha. Bi Somoe alimaliza kusimulia, akakung'uta ungo, akasema kwa Kiswahili, sijui kwa nini kwa Kiswahili, "Mimi ndiyo nilimshika mkono."

Kwa hiyo kilipofika kisanduku cha kifaa cha kuilinda friji ile, kwangu hakikuwa mchezo wa chuoni. Ndani yake mlikuwa na bodi ya majaribio: kipande cha ubao wa kijani ukubwa wa kiganja, kimejaa vidude na njia za shaba, chenye kichwa kidogo cheusi katikati kinachoweza kufundishwa kazi. Kazi yake ingekuwa kukaa kando ya friji ile, kupima joto kila saa na kuliweka kumbukumbu. Kila mwezi Sista mwenye dhamana ya chanjo angekwenda na kompyuta ndogo, angeiunga na bodi kwa kebo, aiulize. Kipimo cha joto chenyewe kilikuwa tayari kimefungwa kule kijijini. Kazi yangu ilikuwa moja, nayo Daktari Mkuu aliisema wazi, mikono nyuma, mbele ya Gervas: "Skolastika, nataka karatasi yenye sahihi yako kwamba bodi inasikia na inajibu. Bila karatasi hiyo sirudishi hata chupa moja ya chanjo kwenye friji ile." Siku hiyo hiyo Bi Somoe alipoleta chakula alikitazama kile kipande cha kijani muda mrefu. "Kitasema chenyewe?" aliuliza. Nikamwambia kitasema. Tangu hapo kila saa saba, kabla ya kutua sahani, aliuliza, "Kimesema?"

Hakikusema kwa wiki mbili. Kebo ya kuunga bodi na kompyuta haikuwamo kisandukuni, na Nachingwea nzima hapakuwa na duka la kuinunua, kwa hiyo tuliitengeneza wenyewe kutokana na kebo ya printa iliyokufa na vichwa viwili vya pini tisa alivyovitoa Gervas kwenye mkebe wake wa misumari. Katika kebo ya namna hiyo herufi hupita moja moja zikifuatana, kama sisimizi. Waya mmoja hupeleka, mwingine hupokea, wa tatu huziweka pande mbili kwenye usawa mmoja. Kwanza nilitaka kujua kama kebo yenyewe ni nzima. Kuna njia rahisi ya kujua: kule mwisho wa kebo, kabla ya kuifikisha kwenye bodi, unaunganisha pini ya kupelekea na pini ya kupokelea kwa kipande cha waya, na chochote utakachoandika kinakwenda, kinagonga, kinakurudia kwenye kioo. Kipande hicho watu hukishika kwa vidole. Mimi nilihitaji vidole vyangu kuandikia, na Gervas alikuwa kisimani, basi nikachukua waya mwekundu wa urefu wa shibiri, nikaukunjakunja, nikauchomelea kwa risasi ndani ya kichwa cha kebo. Herufi zilikwenda na kurudi. Kebo nzima! Nilifurahi, jenereta likazimwa, nikafunika kichwa cha kebo kwa kifuniko chake na kukaza skrubu zake mbili, nikaenda kula. Waya mwekundu ukabaki ndani.

Kesho yake niliiunga kebo kwenye bodi. Kijitabu kilichokuja nayo kilisema kwamba bodi nzima, ikiandikiwa neno, hulirudisha neno lile lile kama lilivyo. Kilipendekeza kuandika herufi A mara nne. Mimi niliona haya kuanza na A. Kwenye redio ya upepo kila asubuhi tuliziita zahanati kwa kupiga hodi, na Gervas, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na patasi mkononi, alisema, "Unaingia kwa watu, binti. Piga hodi." Nikaandika HODI. Kwenye kioo cheusi, herufi za kijani zikatokea: HODI. Gervas aliitupa ile patasi. Tulishikana mikono, tukaandika tena, HODI, ikarudi, HODI, ikarudi. Watu wakaja mlangoni. Daktari Mkuu mwenyewe alikuja, akaandika kwa kidole kimoja, akacheka kama mtoto. Soda zikaagizwa. Kabla jenereta halijazimwa nilikuwa nimeshaandika ile karatasi kwa mwandiko wangu wa chuo, muunganisho umehakikiwa, bodi inapokea na inajibu, nikatia sahihi yenye mkia mrefu. Gari la kwenda Ruangwa na sanduku la chanjo likapangwa kuondoka kesho yake saa nne.

Bi Somoe naye alikuwa amekuja mlangoni, mikono ina unga. Saa saba alileta ugali, na siku hiyo hakuuliza kitu. Nilimwambia mimi. "Mama, kimesema! Umekiona?" Akatua sahani. Akaanza kunipangia mboga, akaacha. "Nimeona," alisema. "Wewe umepiga hodi. Na chenyewe kimepiga hodi." Nikamwambia ndiyo, ndivyo kinavyotakiwa. Akafikiri. "Mwanangu, mimi sijui mambo yenu. Lakini mtu aliyemo ndani hasemi hodi. Anasema karibu." Gervas alicheka mpaka miwani ikamwanguka. "Mama, hicho kidude hakijapitia unyago wako!" Mimi nilitabasamu kwa adabu, kama tunavyowatabasamia wazee wanapouliza mtu wa kwenye redio anakaaje mle ndani. Yeye hakutabasamu. "Kama hodi imerudi hodi," alisema, "nyumba hiyo mimi siingizi mtoto." Akachukua ndoo yake, akaondoka kabla sijamaliza kula, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilikasirika. Nataka niliseme hilo, kwa sababu nikihadithia habari hii huwa najipendelea. Nilikasirika kwamba mwanamke wa jikoni amenitia mdudu kichwani siku ya ushindi wangu. Usingizi wa siku ile ulikuwa wa mang'amung'amu. Asubuhi jenereta liliponguruma niliifunua kompyuta, nikachomoa kebo kwenye bodi kabisa, nikaiacha inaning'inia pembeni ya meza, haijashikamana na kitu chochote duniani. Nikaandika HODI. Kioo kikajibu: HODI. Nadhani niliandika mara sita. Kisha nikaichukua bisibisi nikafungua kile kifuniko, na waya wangu mwekundu ulikuwa umelala mle ndani, umechomelewa vizuri, kazi safi. Tulichoshangilia jana, tulichokinywea soda, alichokichekea Daktari, kilikuwa maneno yetu wenyewe yakigonga ukuta. Bodi haikuwahi kutusikia hata herufi moja.

Gari lilikuwa limeshaegeshwa uani, boneti wazi, dereva anamimina maji. Gervas alikuwa anafunga sanduku la chanjo kwa kamba na kupiga mluzi, na sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Nilikaa na kile kichwa cha kebo mkononi. Nilijiambia: gari liende, wiki ijayo nitapanda kwenda kule na kebo nzuri, nirekebishe kimyakimya, nani atajua? Miezi mitatu yangu ilikuwa imebakiza siku tisa. Nilijiambia huenda friji ni nzima sasa, na huenda bodi ni nzima pia. Nilisema huenda nyingi asubuhi ile. Kisha nikaukata ule waya kwa koleo kwenye ncha zake, nikautupa sakafuni, nikaichukua nakala ya karatasi yangu iliyokuwa mezani nikaichana vipande viwili. Nikatoka uani kuelekea kwa Daktari. Bi Somoe alikuwa mlangoni pa jiko, ana ungo wa mbaazi mapajani. Hakuinua macho.

Daktari alinisikiliza nimesimama. Akauliza, "Nani amegundua?" Nikasema, "Bi Somoe, wa jikoni." Aliitazama karatasi yangu yenye sahihi ya mkia mrefu, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaenda dirishani na kumwambia dereva asiwashe gari. Kwangu alisema tu, "Una siku tisa. Rudi kazini." Mtu aliyenitukana ni Gervas. Hakunitukana kwa makosa ya kebo, alinitukana kwa kumwacha apige mluzi mbele za watu, halafu jioni akaniletea lenzi yake ya saa, ile asiyomwazima mtu, akaiweka mbele yangu.

Kwa lenzi ile ndipo nilipoona. Kando ya tundu la kebo, juu ya bodi, palikuwa na kikofia cha plastiki kidogo kama punje ya mtama, kinachochagua njia ambayo herufi zitapita, nacho kilikuwa kimevalishwa upande mwingine. Nyumba ilikuwa na mlango, ila ulikuwa umefungwa. Nikakihamisha. HODI. Kimya. Siku ya pili, nyaya mbili za kupeleka na kupokea nikazibadilisha, maana tulizifunga mdomo kwa mdomo na sikio kwa sikio. HODI. Yakaja makorokoro, alama za ajabu, mistari na vikopa vya karata. Gervas alisonya, lakini mimi nilipiga kelele ya furaha, kwa sababu makorokoro yale sikuyaandika mimi. Alikuwa mtu mwingine, anazungumza kwa kasi isiyo yangu. Kwenye ule waya mwekundu kasi yoyote ingekubali, mtu hashindwi kuelewana na nafsi yake. Nikapunguza kasi ya kompyuta hatua moja, nikapunguza tena, na siku ya saba bodi ikarudisha neno langu safi. Sikumwita mtu. Nilikaa nayo mpaka jenereta likazimwa, na tena asubuhi ya pili, nikikifundisha kichwa chake cheusi kitu kidogo ambacho kijitabu hakikukitaja. Siku ya nane saa tano na nusu niligonga ukuta.

Bi Somoe alikuja, akajifuta mikono kwa kanga. Nilimkalisha kwenye kiti changu. Nikachomoa kebo mbele yake kwanza, nikamwambia aandike, nikamwonyesha H iko wapi, O iko wapi. Aliandika HODI, kidole kimoja, anabonyeza kwa nguvu kama anayejaribu kama embe limeiva. Kioo kikakaa kimya. Alinitazama. Nikaichomeka kebo kwenye bodi, nikamwambia apige tena. Akapiga. Herufi zikatoka moja moja, naye akazisoma kama alivyofundishwa kwenye kisomo, kwa sauti, kidole kwenye kioo. "Ka," alisema. "Ri." Kidole kikasogea. "Bu." Gervas alikuwa amegeukia dirisha, anafuta miwani iliyokuwa safi. Bi Somoe alibaki na kidole chake kwenye kioo. Kisha akaiambia ile bodi, si sisi, kwa sauti ya mtu anayeingia nyumba ya watu: "Ahsante." Gari liliondoka kesho yake, nami nikiwa ndani yake, karatasi mpya mfukoni, na kule kijijini tulipoiunga na kipimo chake ilitukaribisha na kutuambia nyuzi joto tano. Nilifanya kazi karakana ile miaka minne baada ya hapo. Bi Somoe hakuwahi kuizungumzia siku ile, nami sikuwahi kumuuliza.

Nandagala nilifika saa nane mchana, siku ya arobaini. Zuhura alihamia huko alipoolewa tena, na mama yake akamfuata alipostaafu jiko. Kisomo kilikuwa kimekwisha, watu wanakula kwenye majamvi. Zuhura, ambaye sasa ana mvi kunizidi, alinivuta upande wa jikoni tukae wawili. Alikuwa anapakua mbaazi kwa upawa wa kifuu, mkubwa, umekuwa mweusi kwa miaka. Mpini wake uliwahi kuvunjika, na pale palipovunjika palikuwa pamezungushwa waya. Rangi ilikuwa imeungua karibu yote. Karibu na kifuu, ambako moto haufiki, ilibaki alama moja nyekundu. Niliushika mkono wake asipakue nyingine. "Waya huu aliutoa wapi?"

"Aliuokota kwenu, sakafuni," Zuhura alisema. "Si alikuwa anakuja kufagia? Huu upawa hakukubali tuutupe." Akanitilia mbaazi, akasita. "Alinisimulia siku ile ya gari. Kumbe alikuwa anakuona dirishani, umekaa na hiyo kebo. Alisema alijua umeshajua."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema: nilikuwa na mbaazi mapajani, lakini viatu nilikuwa nimeshavaa. Dereva angewasha gari kabla yule mtoto wa karakana hajatoka, ningekwenda kwa Daktari mwenyewe, ningelala mbele ya matairi. Lakini nilitaka atoke mwenyewe." Zuhura alifuta upawa ukingoni mwa sufuria. "Akasema alihesabu dakika. Akasema, dada, ulichelewa sana kutoka."

Nilikula zile mbaazi zote. Zilikuwa na nazi nyingi kuliko alivyozipika mama yake, na nilipomaliza, Zuhura alikuwa bado amesimama mlangoni, anasubiri sahani.